Kengele za Baba Pale Keko

Sie tuliokulia Keko miaka ya ruksa, mitumba ilipoanza kumwagika mjini, tulikuwa tunaamshwa na mafundi seremala. Misumeno, randa, nyundo, kutwa nzima. Vumbi la mbao liliingia mpaka kwenye uji. Tulicheza rede na kombolela katikati ya vitanda ambavyo havijapigwa vanishi, na fundi akitufukuza tulikimbilia nyumbani, ambako hukuweza kuingia kimyakimya. Nyumba yetu ilikuwa na kengele.

Baba alikuwa fundi umeme wa kiwanda cha nguo, mtu wa Songea, Mkristo, mpole hata watu walidhani ana kiburi. Kengele zote alizitengeneza mwenyewe kwa vyuma chakavu. Mlango wa mbele ulilia ting', wa uani ukavuma kama nyuki. Ndani ya pipa la bombani aliweka galoni tupu la mafuta ya kula. Maji yakianza kutoka, galoni linaelea, nyaya zinagusana, kengele ya tatu inalia. Kwa hiyo sie ndio tuliokuwa wa kwanza mtaani kujua kuwa maji yametoka, na mama alitukataza kukinga yetu kabla hatujazunguka kuwaambia majirani. Watoto wa siku hizi ukiwaambia maji yalikuwa yanasubiriwa kama mgeni wa kutoka safari, wanakutazama wakidhani unawatania, kisha wanarudi kwenye simu zao.

Kengele hizo zote zilikuwa kwa ajili ya mtu mmoja, bibi yetu mzaa mama. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, ndipo mama akamleta akae nasi, naye akaja kwa shingo upande. Bibi alikuwa mzaliwa wa Dar, Mwislamu wa kuzaliwa, na hakuwahi kuiridhia ndoa ya binti yake na mtu wa bara asiye wa dini yake. Siku ya ndoa alijifungia chumbani kwake Buguruni. Pale kwetu alimwita baba "huyo bwana", hata akiwa amekaa mbele yake. Mwambieni huyo bwana chai yake inapoa. Baba alishukuru, akimwita bibi "mama", akanywa.

Kilichomsumbua bibi kuliko giza ni adhana. Msikiti haukuwa mbali, lakini misumeno iliimeza sauti ya mwadhini. Siku moja swala ya alasiri ilimpita. Mama alimkuta kitandani analia taratibu, kama mtoto aliyeachwa na wenzake. Akamsimulia baba. Jumamosi yake baba alirudi na saa kubwa ya kiwandani, ile iliyokuwa ikiita wafanyakazi wa zamu, ambayo kiwanda kiliiuza kama chakavu. Akaifunga ukutani ukumbini, akavuta waya mpaka kwenye kengele kando ya kitanda cha bibi. Kila mwezi alimwomba jirani ratiba ya swala, akapanda juu ya stuli na kusogeza pini za kuiliza saa ile, dakika kwa dakika. Bibi aliisikia stuli ikikwaruza sakafu. Hakuwahi kuuliza.

Kisha kiwanda kikapunguza watu, na baba akawa mmoja wao. Akaweka meza barazani, akawa anatengeneza pasi na redio za watu, maneno yake yakizidi kupungua. Mwaka huohuo ukaja mgao wa umeme, na saa ikawa inasimama. Siku ya kwanza nilikuwa nimeshatoka shule. Nilimwona baba anatazama saa ya mkononi, anaiacha redio ya mtu wazi mezani, anaingia ndani. Akaipiga kengele ya bibi kwa mpini wa bisibisi, mara tatu. Akatoka, akasimama nje ya pazia la mlango mpaka aliposikia bibi anatafuta kandambili zake kwa mguu, ndipo akarudi barazani. Ikawa hivyo kila umeme ulipokatika, na ulikatika sana.

Alasiri moja umeme ulikuwepo. Mie nilikuwa mkekani chumbani kwa bibi nafanya hesabu za shule. Saa ikalia yenyewe, ikanyamaza. Bibi hakuinuka. Baba, alipoona kimya, akaja akasimama mlangoni, akamuuliza bibi kama yu mzima.

"Hiyo saa izime, mwanangu," bibi akamwambia. "Niite wewe."

 "Sawa, mama," baba akasema. Baadaye nilimkuta uani ananawa uso, na jua lilikuwa limeshapoa.

Akamwita hivyo kila swala kwa miaka sita, mpaka bibi alipotutoka. Kengele za mlango na maji ziliendelea kutuhudumia, tukaondoka mmoja mmoja kwenda kuanza maisha yetu, wajukuu wakazikuta. Mwaka jana kaka alileta fundi wa kubadilisha nyaya za nyumba, naye akasema zile za baba zimekauka, iko siku zitawasha moto. Tulidhani mzee atabisha. Aliomba ngazi. Kaka akamshika kiuno, naye akafungua skrubu moja baada ya nyingine, polepole, akizitia kwenye kopo la maziwa. Mama aliomba ile ya chumbani kwa bibi iachwe.

"Mwenyewe alishaondoka," baba akamwambia. "Na yenyewe tuipumzishe."

 Mama akaenda uani, nami nikamfuata.

Mie sasa naishi Kipawa. Taa zangu zinajiwasha jua likizama, tangi linajaza maji bila mtu kujua, na mwanangu analifungua geti kwa simu akiwa kitandani, halafu analalamika kwamba amechoka. Sikatai, tumepumzika. Lakini alasiri nikiwa peke yangu, nyumba ikijifanyia kila kitu, huwa natamani ile nyingine, ambamo mtu aliiacha kazi yake mezani, akainuka, akaja kukuita.