Milio Mitatu ya Mashine ya Agnella

Barua ile Agnella aliipiga chapa mwenyewe, na hilo ndilo lililomuuma kuliko yote. Bwana Fidelis, mkuu wa mradi wa kuandikisha watoto, aliiandika kwa mkono, akaja kuiweka pembeni mwa taipureta bila kumtazama usoni, akasema anataka nakala tatu kabla ya Ijumaa saa sita. Agnella alisoma mistari ya kwanza akiwa bado anapanga karatasi za kaboni. Barua iliwaarifu wafadhili kwamba majina ya watoto wote waliozaliwa katika vijiji kumi na vinne vya bonde la Kilombero tangu mwaka 1994 yamepotea, kwa sababu kompyuta ya mradi imekufa, na imekufa kwa uzembe wa karani aliyekuwa akiitunza. Karani mwenyewe ndiye aliyekuwa anapanga kaboni.

Akaanza kupiga. Alipofika kwenye neno "uzembe" alizigonga zile herufi kwa nguvu hadi zikatoboa karatasi, akaichomoa, akaifinyanga, akaanza upya. Maishani mwake alishaitwa mkali, mwenye kinyongo, mwanamke asiyesahau, na hakuwahi kubisha kwa sababu yote yalikuwa kweli. Mzembe hakuwahi kuitwa na mtu.

Ukali wake alishuka nao kutoka Mahenge alipokuja kuolewa Ifakara. Kupiga chapa alifundishwa na masista, na mumewe alipofariki na kumwachia Evod na Teddy, vidole hivyo kumi ndivyo vilivyowalea. Kompyuta ilipoletwa mradini mwaka 1994, makarani wa kiume walisimama mbali nayo wakijadili kama inaweza kumpiga mtu shoti. Agnella akavuta kiti akaketi. Tangu siku hiyo chumba kile alikitawala kama jiko lake: viatu mlangoni, chai nje, na asiyehusika na kazi asiingie. Jirani palikuwa na mashine ya kukoboa mpunga iliyorusha pumba mchana kutwa, kwa hiyo aliishonea kompyuta joho la kitenge, na kila asubuhi aliifuta kabla hajafuta kiti chake.

Aliyemfundisha ni Raimundi, fundi umeme aliyezijua kompyuta kwa kuzifungua na kuzifunga. Miaka ile umeme wa Ifakara ulikuwa ukikatika unapojisikia, na Raimundi aliogopa kwamba siku moja utakatika na majina. Basi akaiwekea mashine ulinzi wa kienyeji, alioutunga mwenyewe. Kila jioni, kabla ya kuzima, karani aandike neno moja. Alimuuliza Agnella ni neno gani hawezi kulisahau jioni, Agnella akajibu LALA, maana ndilo analomwambia Teddy kila siku ya Mungu. Mashine ikiamshwa asubuhi na kukuta iliagwa kwa neno hilo, inafunguka. Isipolikuta inajua kwamba jana umeme uliikatikia kazini, hivyo inalia mara tatu, inajikagua diski yote, kisha inajizima na kujiwasha upya. Agnella aliyaandika hayo kwenye daftari la kaunta, ukurasa wa kwanza, kwa wino mwekundu. Raimundi alifariki mwaka 1996, na kilichobaki kwake ni daftari hilo na disketi moja ya kuiamshia mashine siku ikigoma.

Machi ya mwaka 1998 akaja Wendelin. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na minne, Mpogoro kwa baba na mama lakini mtu wa Dar es Salaam kwa kila kitu kingine, mwenye cheti cha kompyuta cha miezi sita alichokitia kwenye fremu na kukitundika ukutani kabla hajauliza choo kiko wapi. Siku ya kwanza alimsalimia Agnella, mwanamke wa umri wa mama yake mzazi, kwa kumwambia, "Mambo vipi, mama?" Agnella alimkazia macho hadi kijana akaanza kutafuta mlango. Wakachukiana hapo hapo, na kwa kweli hawakuhitaji sababu nyingine, ingawa zilikuja nyingi.

Wendelin alicheka joho la kitenge, akasema linainyima mashine pumzi. Neno LALA alilicheka zaidi. "Hapa mnaendesha kompyuta au chekechea?" aliuliza mbele ya ofisi nzima, na ofisi nzima ikacheka, pamoja na wale waliokuwa wakiogopa shoti. Bwana Fidelis hakucheka sana ila alitabasamu, na tabasamu lile Agnella alilihifadhi mahali anapohifadhi mambo kama hayo. Bwana Fidelis alikuwa mtu wa kuogopa jambo moja tu duniani, kuonekana amepitwa na wakati, na mbele ya kijana wa Dar alikuwa laini kama ugali wa mgonjwa.

Juni ile Wendelin alileta mfumo mpya wa kuendeshea kompyuta, akatangaza kwamba Jumatatu anauweka juu ya ule wa zamani. Agnella alimwomba, na kuomba si kazi aliyoizoea, kwamba majina yanakiliwe kwanza kwenye disketi. Fomu zenyewe za karatasi zilikuwa zimehifadhiwa stoo ya Kivukoni, na mvua kubwa za mwaka ule zilipoleta mto hadi mlangoni fomu zilioza zote. Yale majina hayakuwa mahali pengine popote isipokuwa ndani ya ile mashine. Wendelin alisema mfumo mpya haugusi kitu cha mtu, hakuna haja ya kupoteza siku nzima, na kwamba akina mama wana woga.

Mchana wa Jumatatu, Agnella akiwa ameambiwa angoje nje, mfumo uliingia wote. Mashine ikajizima na kujiwasha kama ilivyotakiwa, kisha ikajizima tena na kujiwasha tena, na toka hapo haikukoma. Maandishi meupe, giza, maandishi meupe, giza. Wendelin aliifungua kasha akakuta ndani pumba kidogo, kiasi cha kujaa kijiko cha chai. Aliimimina kwenye karatasi akaipeleka kwa Bwana Fidelis kama mtu aliyepata kisu cha muuaji. Ufunguo wa chumba ukachukuliwa kwa Agnella jioni ile ile, akahamishiwa kwenye korido na taipureta. Ijumaa, barua ikishaondoka, Wendelin angeifuta diski yote na kuanza upya.

Siku tatu Agnella hakusikia kitu kutoka chumbani, kwa sababu mlango ulifungwa na mashine ya kukoboa ilikuwa inanguruma ukuta wa pili. Alhamisi saa nne asubuhi mkanda wa mashine ya kukoboa ukakatika. Pakawa kimya ghafla. Agnella alikuwa anapiga mistari ya mwisho ya barua alipousikia mlio, ukafuata wa pili, na wa tatu. Baada ya muda ikalia tena mara tatu.

Vidole vikasimama. Milio ile aliijua kama anavyojua kikohozi cha Evod, ndiyo ilikuwa ikimpokea kila asubuhi umeme ulipokuwa umekatika jana yake. Akaelewa yote kwa mara moja. Ulinzi wa Raimundi ulikuwa bado umo. Mfumo wa Wendelin uliizima mashine bila kuiaga, nayo ikadhani umeme umekatika, ikataka kujikagua. Lakini kifaa chake cha kujikagulia kilikuwa cha mfumo wa zamani na mfumo mpya ulikikataa, kwa hiyo ukaguzi haukuisha, na kila ilipojiwasha ilijikuta bado haijaagwa.

Aliinuka akafungua mlango bila kubisha hodi. Wendelin alikuwa ameketi kwenye kiti cha Agnella, viatu miguuni, kikombe cha chai juu ya meza.

"Hiyo mashine haijafa," Agnella alisema. "Inangoja kuagwa."

"Mama, rudi kwenye taipureta yako. Hiyo milio ni memori imeungua."

"Kilichoungua ni kichwa chako, kijana."

Wendelin akasimama akauziba mlango kwa kifua. Agnella hakushindana naye. Alichomoa barua kwenye taipureta akaenda nayo kwa Bwana Fidelis, akaiweka mbele yake. Akamwambia ampe robo saa na ile mashine, na akishindwa ataweka sahihi yake mwenyewe chini ya neno "uzembe", wafadhili wasiwe na la kuuliza. Bwana Fidelis aliitazama ile nafasi tupu chini ya barua. Karani anayekiri kwa mkono wake ni kitu kizuri kwa mkuu wa mradi. Akakubali upesi kuliko ilivyokuwa adabu.

Agnella akavua viatu mlangoni, akatoa kikombe cha chai nje, akaketi. Kwenye mkoba wake alikuwa na disketi ya Raimundi, imefungwa kwenye mfuko wa nailoni pamoja na rozari. Aliiingiza disketi, akaizima mashine, akaiwasha. Safari hii iliamkia kwenye disketi, bila mlio, ikatulia kwenye kioo cheusi ikingoja kuambiwa. Akaandika LALA. Mashine ikajibu kama ilivyokuwa ikijibu kila jioni kwa miaka minne, "Usiku mwema, Agnella," na nje jua lilikuwa linawaka. Akatoa disketi, akaizima mashine, akaiwasha tena.

Haikulia. Mfumo mpya ukafunguka na rangi zake zote. Agnella hakuzitazama. Alikwenda moja kwa moja kwenye majina: Mkula, Kivukoni, vijiji vyote kumi na vinne, mtoto kwa mtoto, hakukosekana hata mmoja. Alinakili kwenye disketi hadi saa kumi, na mtu aliyechungulia alifukuzwa kwa jicho tu. Chozi lilimtoka mara moja, akalifuta kwa pindo la joho la kitenge.

Bwana Fidelis aliichana barua mwenyewe. Pole hakusema. Alisema kazi imekwenda vizuri, kisha akasema kwamba Wendelin ndiye mwenye cheti, kwa hiyo mashine itabaki mikononi mwake, na Agnella amkabidhi lile daftari la kaunta. Agnella alihisi damu imempanda hadi masikioni. Lakini alilichukua daftari akaliweka kwenye mkono wa Wendelin, Bwana Fidelis akiona.

"Soma ukurasa wa kwanza," alisema. "Leo, kabla hujazima."

Wendelin akasema sawa sawa. Meza ya kompyuta ilikuwa na mguu mmoja mfupi, akalikunja daftari akaliweka chini yake. Jioni aliizima mashine kwa namna ya mfumo mpya, akapanda baiskeli akaenda zake.

Ijumaa asubuhi, kabla mashine ya kukoboa haijaanza, Agnella alisikia milio mitatu ikipita chini ya mlango. Furaha iliyompata haikuwa ya Kikristo, na wala hakujisumbua kuikana. Akaendelea kupiga chapa orodha ya vijiji. Milio ikaja tena, ikaja tena. Saa tatu mlango ulifunguka, Wendelin akasimama mbele ya taipureta akiwa na jasho usoni.

"Shikamoo, mama Evod."

Ilikuwa shikamoo yake ya kwanza tangu Machi. Agnella alimaliza mstari, akarudisha kigari cha taipureta mwanzo wa mstari, na hiyo shikamoo hakuipokea.

"Daftari liko wapi?"

Agnella akaenda kumwita Bwana Fidelis, akamwomba ainame mwenyewe atazame chini ya meza. Daftari lilitolewa likiwa limebonyea katikati, alama ya mguu wa meza juu ya jalada. Agnella akamrudishia kijana.

"Soma kwa sauti."

Wendelin akasoma, na sauti ya Dar es Salaam ilikuwa imemwishia. "Jioni usizime mashine kabla ya kuandika LALA. Ukisahau italia mara tatu na kujiwasha upya. Usiilaumu mashine."

"Tena."

Akasoma tena. Bwana Fidelis alikuwa anatazama kucha zake. Agnella akamnyooshea kiganja, naye akatafuta mfukoni akampa ufunguo.

Wendelin alikaa mradini mwaka mmoja na miezi miwili baada ya hapo, cheti chake ukutani, viatu vyake mlangoni. Kuiaga mashine jioni ikawa kazi yake, maana Agnella alikataa kumwondolea. Kila asubuhi alimwamkia shikamoo mbele ya watu wote, na wote walinyamaza kusikiliza. Agnella hakumjibu marahaba hata siku moja. Alikuwa akimuuliza, "Jana uliandika?" na kungoja hadi aseme ndiyo, kisha anafungua mlango.