Wivu wa Fundi Kipimo

Uongozi wa kituo cha redio unawatangazia wasikilizaji wote wa kipindi cha asubuhi, Mstari Ulionyooka, kwamba kwa kuwa nyumba ni mwili, na mwili una kichwa kimoja, mwanamke aliyeolewa atakayepiga simu studioni atajitambulisha kwanza kwa jina la mume wake, ndipo aseme lake. Utaratibu huu haumdhalilishi mtu. Unalinda heshima ya nyumba, na heshima ya nyumba ndiyo heshima ya taifa.

Tangazo hilo lilisomwa kila siku kabla ya simu ya kwanza, na hakuna aliyelipenda kuliko fundi mmoja wa suruali za kiume mwenye kibanda nyuma ya stendi, kati ya kinyozi na muuza vipuri vya baiskeli. Alikuwa akilisema pamoja na msomaji, midomo ikicheza, mguu ukiwa umetulia juu ya pedeli ya cherehani.

Kipindi kiliendeshwa na mtu aliyeitwa Jemedari, ambaye hakuwahi kuwa mwanajeshi. Kila asubuhi alichukua mambo matatu, siasa, malezi na mpira, akayapima kwa rula moja. Waziri anayesafiri kuliko mizigo yake, bibi harusi anayecheza mbele ya wakwe kama amekanyaga kaa la moto, na beki wa timu ya taifa aliyepaka nywele rangi ya chungwa, wote kwa Jemedari walikuwa na ugonjwa mmoja: wameacha mstari. Dawa nayo ilikuwa moja, kurudi. Kurudi wapi hasa hakusema, na wasikilizaji hawakuuliza, kwa sababu kila mmoja alishakuwa na mahali pake moyoni. Fundi alitaka kurudi kwenye zama za suruali pana. Za kubana alizishona, maana bila hizo angelala njaa, lakini mteja wa suruali ya kubana hakutoka pale bila mawaidha, na mawaidha hayo yalitolewa fundi akiwa amepiga magoti na kipimo mkononi, mahali ambapo mtu hawezi kuondoka.

Kwa miaka sita alikuwa akipiga simu kwenye kipindi. Jemedari mwenyewe ndiye aliyempa jina la Fundi Kipimo, na jina likashika mtaani mpaka fundi akaliandika kwa rangi juu ya mlango. Kupiga simu kulikuwa na taratibu zake. Ulipokelewa kwanza na binti wa simu, akakuuliza wewe ni nani na unataka kusema nini, kisha akakuweka kwenye foleni na muziki. Fundi aliujua muziki ule kuliko wimbo wa taifa. Akishaunganishwa alisema dakika zake mbili, maneno aliyokuwa ameyapanga tangu jana yake, na Jemedari alimjibu, siku zote, “Asante Fundi, ujumbe umefika.” Fundi hakutilia shaka kwamba ulikuwa umefika. Alichojiuliza, na hakumwambia mtu, ni kwa nini ukishafika haukai.

Mkewe alikaa kwenye kigoda kando ya mlango, akishona pindo na vifungo. Mawazo yote ya mumewe kuhusu nchi aliyasikia yeye kwanza, na wala hakuwahi kuyapinga, jambo ambalo fundi alilihesabu kuwa ni adabu. Ni kweli alikuwa na adabu. Lakini pia muda mwingi alikuwa na pini mdomoni.

Siku mambo yalipogeuka, fundi alikuwa kwenye foleni ya simu, muziki ukicheza sikioni, akaingia mkuu wa shule kupimwa suti. Mkuu wa shule hawekwi kwenye foleni. Fundi akampa mkewe simu, akamwambia, shika hii, wakiniita niite. Mke akatema pini kiganjani, akatoka na simu kibarazani ili redio ya ndani isipige mluzi. Na pale pale akaunganishwa.

Fundi alikuwa chini, kipimo kwenye kifundo cha mguu cha mkuu wa shule, aliposikia redio yake mwenyewe, pale rafuni, ikisema kwa sauti ya mke wake kwamba hapa ni mke wa Fundi Kipimo. Jemedari akauliza Fundi yuko wapi. Anapima mtu, akasema. Basi mama, sema wewe alichotaka kusema.

“Alichotaka kusema ni kirefu, Jemedari, sitakiweza,” akasema mke wa fundi. “Langu ni fupi. Nchi hii ina honi nyingi, breki hakuna. Waziri anapiga honi, mwimbaji anapiga honi. Hata yule beki juzi, kapanda mbele kushangilia bao la mwenzake, nyuma kaacha mlango wazi, tukafungwa. Nywele zake mimi sina ugomvi nazo. Angerudi nazo nyuma.”

Jemedari akacheka.

Lazima ieleweke kwamba Jemedari hakuwa mtu wa kucheka hewani. Aliwahi kutamka kwamba kicheko ndicho mlango wa kwanza wa upotofu. Sasa alicheka mpaka akakohoa, akaomba maji, akasema, “Mama Breki! Kesho nakutaka tena, kama mzee ataridhia.” Mkuu wa shule naye alicheka, na mguu wake ukatikisika mikononi mwa fundi, kwa hiyo suti ile ilitoka na mguu mmoja umepungua kidogo. Fundi aliulaumu urefu wa mkuu wa shule.

Aliridhia. Angefanyaje, ameombwa kwa heshima, mbele ya nchi nzima? Tena alikuwa na hesabu yake: sauti itakuwa ya mke, maneno yatakuwa ya mume. Jioni akamkalisha mezani akamfundisha ya kusema kuhusu malezi ya vijana, sehemu ya kwanza, ya pili na ya tatu, huku simu yake ikiwa kando ya sahani asije akapitwa na taarifa ya habari. Mke akaitikia kila sehemu. Asubuhi akasema hewani kwamba kijana akikosa adabu tumtazame anayekula naye. Kama baba mezani anatazamana na simu, adabu itaingia kwa mlango gani? Jemedari akagonga meza. Siku ile wateja watatu walimwambia fundi kwamba amebarikiwa mke.

Lugha yetu, kwa hekima yake, imetenganisha wivu na kijicho. Wivu ni wa mtu juu ya mwenzi wake, na una heshima zake. Mahakama huusikiliza, wazee huuonea huruma. Kijicho ni cha mtu juu ya bahati ya mwingine, na hakuna anayekikubali kuwa ni chake. Fundi alipoanza kukosa usingizi alijipima mwenyewe, akajiambia kwamba ana wivu. Mwanamume mwingine anacheka na mke wangu kila asubuhi: nani asingekuwa nao? Alilishika jambo hilo kwa mikono miwili, karibu kwa shukrani. Kinyozi, ambaye riziki yake nusu ni nywele na nusu ni maneno, hakumsaidia. Kila asubuhi alichungulia juu ya ukuta wa mbao kumpa salamu: “Fundi, leo shemeji kamnyoa waziri bila maji.” Mama mkwe naye akapiga simu kutoka mbali kumpongeza mkwewe kwa kumfundisha binti yake kuongea, maana kwao, alisema, alikuwa hasemi kabisa. Fundi akashukuru.

Mwishowe alimwambia mkewe, wakati akizima pasi, kwamba yule mtu anacheka naye kupita kiasi.

“Anacheka na redio nzima,” mke akasema.

“Mimi miaka sita hajanichekea.”

Mke akaacha kukunja nguo, akamtazama. “Kwani mume wangu ulitaka akuchekee?”

Fundi akasema si hoja yake. Akasema maneno mengi baada ya hapo, kuhusu mipaka na heshima na majirani, lakini lile lilikuwa limeshatoka, na wote wawili walikuwa wamelisikia.

Kisha likaja jambo la kiti. Kipindi kilikuwa kinatimiza miaka kumi, ikatangazwa kwamba msikilizaji mmoja atakaa studioni na Jemedari tangu mwanzo wa kipindi hadi mwisho, na kwamba aliyechaguliwa ni mtu ambaye wote wanamjua, kutoka kibanda kimoja cha ushonaji. Jina lingetajwa wiki inayofuata. Fundi hakuona haja ya kusubiri. Akajishonea koti la buluu iliyokoza, bitana ya hariri, vifungo vya kufunikwa, akalijaribu mbele ya kioo cha kinyozi. Kinyozi akamkumbusha kwamba ni redio. Fundi akamjibu kwamba sauti ya mtu aliyevaa vizuri inajulikana.

Siku ya kutajwa jina, simu ilianza kuita kibandani. Kinyozi akaja na mteja wake, shuka shingoni, nusu ya kichwa imenyolewa. Muuza vipuri akaja. Jemedari alikuwa hewani, na alichosema kiliwafikia mara mbili, mara moja kwa simu na mara moja kwa redio. Kiti, alisema, ni cha Mama Breki. Lakini kipindi hiki hakimchukui mke wa mtu kama mwizi wa kuku, kinabisha hodi.

“Fundi Kipimo, wewe ndiye kichwa. Mbele ya wasikilizaji wote nakuuliza: unaruhusu?”

Mke alikuwa kwenye kigoda chake, kifungo mkononi, uzi haujapita. Hakumwangalia mumewe. Alilitazama tundu la sindano kama vile jibu lingetokea humo, na fundi akaona kwamba anataka kwenda. Anataka sana, kuliko alivyowahi kutaka kitu mbele yake.

Mamlaka yote ambayo fundi alikuwa akiyasifu kwa miaka sita yalikuwa sasa mkononi mwake, mazima, hayajapungua hata uzi mmoja. Angeweza kusema hapana, na kwa mafundisho ya kipindi chenyewe hakuna ambaye angemlaumu. Wangejua tu ni kwa nini.

“Ruhusa ipo,” akasema.

“Wanaume, mmesikia!” akasema Jemedari. “Hicho ndicho kichwa. Fundi, umetufundisha sote leo.”

Ilikuwa sifa ndefu kuliko zote alizopata kwenye redio. Mteja wa kinyozi alimpa mkono. Fundi alijaribu kuifurahia, akaikuta sifa yenyewe ni kama koti la mtu mwingine: kitambaa kizuri, mabega si yake.

Usiku ule mke aliuliza kama amwombee na yeye kiti, cha pembeni. Fundi akasema yeye haombewi kiti.

Siku yenyewe ikafika. Mke aliondoka na gauni lake la kitenge alilovaa miaka yote, wala hakujitazama kwenye kioo. Fundi alifungua kibanda, akawasha redio, akasema hatasikiliza, akakaa karibu nayo. Alikuwa amevaa koti. Kila mteja alimuuliza kama anakwenda msibani.

Mama Breki studioni alikuwa kama mtu aliyezaliwa humo. Alimwambia Jemedari kwamba wabunge wanaogombana kuhusu mavazi wangejaribu kwanza kukaa bungeni mpaka mwisho wa kikao, suti zao zipate mikunjo. Alisema kocha mgeni si tatizo na kocha mwenyeji si dawa, kama wachezaji wanalala saa nane. Jemedari alicheka, akapinga, akacheka tena. Walikwenda hivyo, wakipokezana kama watu wawili wanaokunja shuka, na fundi kila aliposikia kicheko alikanyaga pedeli, cherehani ikashona mahali ambapo hapakuwa na kitambaa.

Ndipo aliposikia sentensi yake. Walikuwa kwenye malezi, na Mama Breki akasema, taratibu, “Kitambaa ukikikata vibaya, Jemedari, pasi haikisaidii.”

Ilikuwa ya fundi. Aliisema juu ya kila suruali, aliisema akila, alishaisema hata hewani, miaka minne nyuma, ikafika kama zilivyofika nyingine. Jemedari akasema kwamba hilo litaandikwa ukutani mwa studio, na Mama Breki amelitoa wapi? Mke akacheka kidogo, akasema, “Hilo si langu, hilo ni la mu—” na tangazo la magodoro likaingia kwa nguvu zake zote. Waliporudi walikuwa kwenye bei ya mafuta.

Fundi akapiga simu. Binti wa simu akamtambua sauti, akamsalimu vizuri, akamuuliza anataka kusema nini. Fundi akasema ana marekebisho. Binti akasema leo simu ni nyingi, Fundi Kipimo, kaa kwenye foleni. Muziki ukaanza. Ukaisha, ukaanza tena. Kinyozi alikuwa ameegemea ukuta wa mbao, mkasi umetulia. Redioni Jemedari alikuwa ameanza kushukuru wadhamini, jambo ambalo hufanyika mwishoni.

Fundi akakata, akapiga upya. Binti akapokea, akauliza nani mwenzangu.

Fundi akageukia ukutani, mgongo kwa kinyozi.

“Mwambie Jemedari,” akasema, “ni mume wa Mama Breki.”

Aliunganishwa hapo hapo, bila kuulizwa anataka kusema nini.