Siku Niliyopeleka Lutuku Kanisani

Leo nacheka, lakini siku ile, jamani, ningeona shimo ningeingia na kujifunika kwa ndani!

Nilikuwa mwalimu wa biolojia hapa Kamina, enzi za Zaire, navaa abakosi, ile suti ya enzi hizo isiyo na tai, iliyopigwa pasi kama waziri (waziri asiye na hata baiskeli), na nilikuwa nimegundua kwamba majani ya misipresi iliyozunguka kanisa letu la Wamethodisti, ile isiyopukutisha majani mwaka mzima, yana dawa ya kuua vijidudu na kuzuia mawese yasichache upesi. Furaha ilininyima usingizi! Na Jumapili hiyo pasta, baba yake Ngoie, binti niliyemposa, alikuwa anipe jibu la posa yangu, basi nikaamua nimwoneshe yeye na kanisa zima atapata mkwe wa aina gani.

Sasa, maji hayakamui dawa vizuri, inatakiwa alikoli, na ya shule ilikuwa imekwisha. Nikaenda Base, kambi ya jeshi, kwa Mama Beya, mke wa askari, nikanunua lutuku, ile pombe kali ya mahindi (kwa ajili ya sayansi!), nikaloweka majani, nikasahau kabisa kwamba kwa pasta wetu hata kunusa pombe ni dhambi.

Baada ya ibada, mlangoni pa kanisa, nikatoa chupa mbili za supu ya nyama ya siku tatu, moja inanuka vibaya, nyingine, niliyotia dawa, safi kabisa, watu wakapiga makofi na vigelegele, kichwa kikanivimba, nikamkaribisha pasta anuse mwenyewe. Akanusa. Akanusa tena. Mama Beya, aliyekuwa akipita njiani, akaniona akapaza sauti:

"Mwalimu! Ile lutuku ya wiki ilipita ilisha? Ingine iko!"

Ngoie, muuguzi wa zahanati, akainuka, nikajua ananiokoa.

"Sasa tutajua namna gani kama ni majani njo yaliua vijidudu, ao ni lutuku? Chupa ya supu yenye lutuku bila majani iko wapi?"

Sikuwa nayo! Watu walicheka mpaka machozi, na pasta akasema tu, "Posa itangoja."

Wiki iliyofuata mimi na Ngoie tulirudia kwa chupa tatu: ya supu peke yake na ya lutuku bila majani zikaharibika, ya majani ikabaki safi! Nikakimbia kwa pasta nikipiga kelele za furaha, naye kabla sijasema neno akanisogelea usoni: "Pumua kwanza."

Alinipa Ngoie, ndiyo, baada ya mwaka mzima wa kunipumulisha. Nami nimeapa, nikigundua kitu tena, hata kiwe dawa ya kufufua wafu, baba mkwe atakuwa wa mwisho kuambiwa.