Bomba la Rangi Nyekundu

Msusi alikuwa na mdomo, tusidanganyane. Ukikaa kwenye kigoda chake unasukwa nywele na umbea kwa pamoja, na ukiinuka hujui kipi kimekukaa vizuri zaidi. Alikuwa pia mtumiaji wa unga, ule wa kulevya. Mtaa ulijua, naye hakujificha. Alikuwa akisema ana kazi mbili, moja inamlisha na nyingine inamla.

Mumewe alikuwa fundi viatu, mtu mpole mwenye kichwa kigumu kama soli. Tangu waoane walijidunga kwa bomba moja la sindano, akimaliza huyu anapokea huyu. Kwao hayo yalikuwa mapenzi. Virusi vya UKIMWI, waliamini, viliwapata wanaochangia sindano na yeyote kule uchochoroni. Wao walikuwa mtu na mkewe.

Siku moja muuguzi aliyekuwa akizunguka mitaani na begi la mabomba mapya alimpima Msusi palepale kazini. Hakuwa na virusi. Msusi akapiga kigelegele hadi mteja akaruka na kichwa kilichosukwa nusu.

"Na shemeji je?" muuguzi akauliza.

"Shemeji yako anaogopa kuchomwa sindano!" Wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Kicheko kilipoisha, muuguzi akamweleza. Mumewe alijidunga na wenzake miaka mingi kabla ya kumjua. Damu hubaki ndani ya bomba hata likisuuzwa kwa maji, na kidogo tu inatosha kumwambukiza. Atumie bomba lake jipya, na kikombe cha kuchanganyia kiwe chake. Msusi akasikiliza bila kumkatiza, jambo lisilo la kawaida kabisa.

Nyumbani alichukua rangi ya kucha, nyekundu, akapaka bomba lake na kikombe chake. Kondomu alizopewa akaziweka chini ya mto.

"Ndiyo nini hiyo?" Fundi akauliza.

"Vyangu. Vyako vile pale, vipya, havina rangi."

"Tunakula sahani moja, tunalala kitanda kimoja, leo unanitenga kwenye sindano? Umeshaniona mgonjwa?"

"Sijakuona na kitu, mume wangu. Kapime."

Fundi akanuna. Alipoinua mto akanuna upya. Kwa majuma kadhaa aliongea na viatu tu.

Kisha ikaja asubuhi moja mbaya. Msusi aliamka na arosto, mwili ukiudai unga, jasho na baridi kwa pamoja, mikono ikitetemeka. Bomba lenye rangi likamponyoka, sindano ikapinda. Lingine hakuwa nalo. Fundi ndiyo kwanza alikuwa amemaliza.

"Chukua langu, mama," akasema kwa huruma, kinyongo chote kimemtoka. "Uteseke hivi kwa ajili ya rangi ya kucha?"

Akalipokea. Aliogopa, na papo hapo alilitaka kuliko kitu chochote duniani. Halafu akaliweka mezani, karibu na unga wake uliokuwa tayari, akatoka kwenda kliniki kwa yule muuguzi kutafuta jipya, amejikunja, bila hata mtandio.

Maisha yake yote Fundi hakuwahi kuona mtu mwenye arosto akiuacha unga mezani. Akachukua mtandio, akamfuata.

Kliniki, Msusi alipokwisha kupewa bomba jipya, Fundi alimtolea muuguzi kidole cha kuchomwa. "Nipime. Fanya haraka, kabla sijakimbia."

Alikuwa na virusi. Msusi akapimwa tena, akaonekana bado salama, akaambiwa arudi baadaye kuhakikisha. Fundi akapewa dawa za kuanza siku ileile na maelezo marefu, akaitikia kila neno kama mtoto mbele ya mwalimu.

Nyumbani Fundi aliipekua mikoba ya kazi ya mkewe, akatoka na rangi ya kucha ya bluu, akaanza kupaka kikombe chake. Mkono ule ulioshona viatu vya mtaa mzima bila kukosea ulikuwa ukimwaga rangi mezani. Msusi akaushika kifundo, wakapaka pamoja.

"Asubuhi nilikupa lile bomba kwa mapenzi," Fundi akasema. "Kwa mapenzi kabisa, mke wangu."

"Najua," Msusi akajibu. "Ndiyo maana nusura nilitumie."