Makovu ya Mnazi wa Baba

Baba yangu hakuwa na cheti cha kuzaliwa, alikuwa na mnazi. Ulikuwa nyuma ya nyumba yetu Temeke, pale kilipofukiwa kitovu chake, na kila aliyemuuliza umri alioneshwa huo.

Miaka ile ya Ujamaa alikuwa akibeba magunia bandarini, na mgongo ulishamchoka. Kazini kwao aliyetimiza umri wa miaka hamsini na mitano aliruhusiwa kupumzika, ila ofisi ilitaka barua ya umri. Balozi wetu wa nyumba kumi akaja na kalamu yake, tayari kuandika hamsini na mitano kama baba alivyomwambia. Nami nikajitia kimbelembele. Nilikuwa likizo kutoka chuo cha kilimo, najiona najua kila kitu, na mambo ya kukisia yalinikera. Nikawaeleza kwamba kila kuti likianguka huacha kovu kwenye shina, na kwa mwaka huanguka kumi na mawili hivi.

"Haya, tuhesabie basi, msomi," balozi akasema huku akicheka.

Nilipanda na chaki, nikitia alama kila baada ya makovu kumi na mawili. Niliposhuka nikaongeza miaka ya uchanga wa mti, nikatangaza arobaini na tisa. Balozi akamtazama baba. Baba akautazama mnazi, kisha akanitazama mimi.

"Andika alivyosema kijana," akasema.

Akaendelea kubeba magunia. Mwaka wa nne mgongo ukamlaza kitandani, na hakuinuka tena.

Matangani nilimwambia shangazi, dada yake mkubwa, kwamba angalau barua ile ilisema kweli. Mpaka leo naona haya kwamba niliyasema maneno hayo.

"Mnazi wa kwanza uliliwa na wadudu," akanijibu. "Huu ulipandwa upya palepale, baba yako keshaanza chuo cha Kurani. Mche aliushika mwenyewe."

Nikamuuliza kwa nini basi hakusema.

"Nilimuuliza hivyohivyo. Akasema, nitamkosoaje mwanangu mbele ya balozi, naye ndiye msomi wetu wa kwanza?"

Nilihesabu makovu yote ya mti ule, na baba mwenyewe sikumuuliza hata swali moja. Naye muda wote nilipokuwa juu alisimama chini, mkono kiunoni, akiniambia nishike vizuri nisije nikaanguka.