Vinara vya Jumamosi

Shaba ya zamani ikisuguliwa kwa ndimu na majivu hutoa harufu ya uchachu, kama ya sarafu uliyoishika kiganjani mchana kutwa. Juzi nilikutana na harufu hiyo katika duka moja la vitu vya kale, nilipokwenda kutafuta vinara vya mishumaa vya nyumba yangu ya kwanza ya kupanga. Nilisimama nimeduwaa hadi muuzaji akaniuliza kama najisikia vibaya. Wala sikuwa naumwa. Nilikuwa nimerudi Gisozi, nina miaka minane, magoti yamejaa vumbi la mbao, na nimenuna.

Aliyeninunisha ni Mama. Alikuwa fundi cherehani, akishonea sebuleni kwetu Biryogo, na miaka ile umeme ulipenda kukatika jioni, kazi ikiwa imepamba moto. Mshumaa tuliusimamisha juu ya kifuniko cha kopo. Jioni moja ukaanguka, nta ikamwagikia gauni la bibi harusi, na Mama akasema sasa basi, atatafuta vinara vya maana: viwili, vinavyofanana, vizito, vya zamani. Vya kisasa aliviita mabati. Bibi, mama yake, ambaye tuliishi naye, akamwelekeza kwa Fundi Haruna, aliyewahi kumzibia birika lake.

Fundi Haruna alikuwa na kibanda huko Gisozi, nyuma ya karakana za maseremala. Alinunua vyombo vya shaba na chuma kutoka kwenye nyumba za zamani zilizokuwa zikibomolewa, akavitengeneza na kuviuza. Alikuwa mtu wa makamo, mtaratibu, hana mke wala mtoto. Baba yangu mimi alifariki kabla sijajua kutembea, hivyo nyumbani kwetu tulikuwa wanawake watupu, na mwanamume anayejibu maswali nilikuwa sijawahi kumpata.

Tulikwenda kila Jumamosi, hata ile ya mwisho wa mwezi, tukisubiri umuganda, ile kazi ya usafi ya mtaa mzima, uishe ndipo tuvuke bonde na kupanda mlima. Mama alichagua vinara kama anayechagua mchumba. Alikipindua kinara atazame kitako, maana cha zamani kweli huwa na mikwaruzo ya miaka mingi. Alikipima uzito kiganjani, akakigonga kwa ukucha na kusikiliza. Alitafuta mstari wa lehemu shingoni, mahali kilipowahi kuvunjika. Kisha alikisimamisha juu ya ubao ulionyooka, akakisukuma kwa kidole kimoja aone kama kinayumba. Kila kinara kilikuwa na kasoro. Hiki kifupi, kile hakina mwenzake, kingine kikombe chake hakikubali mshumaa wa dukani. Fundi Haruna aliitikia, akakirudisha rafuni, akasema wiki ijayo huenda vikaja vingine.

Wakati wao wakizungumza, mimi nilivuruga kibanda. Niliuliza kwa nini shaba haishikwi na sumaku, kwa nini moto wa bluu ni mkali kuliko mwekundu, kwa nini yeye hana mtoto. Alijibu yote, hilo la mwisho taratibu zaidi. Siku moja nilipanda juu ya kreti nikaangusha kinara cha kauri, kizuri kuliko vyote, kikawa vipande. Mama alifungua mdomo. Fundi Haruna alikuwa ameshaweka koleo chini.

"Mguu iko sawa?" akaniuliza.

Nilipomwonyesha kwamba sikujikata, alinipa ufagio, yeye akashika kizoleo, tukazoa pamoja. Mama alifunga mdomo wake, akatutazama hadi kipande cha mwisho.

Nilimpenda Fundi, lakini ule mlima ulinichosha. Jumamosi moja niliamua kuimaliza kazi mwenyewe. Nikaingia chini ya meza, nikafukua magunia, nikaibuka na vinara viwili vyeusi kwa ukongwe. Nikavipindua, nikavipima, nikavigonga, nikavisimamisha kwenye ubao mbele ya Mama. Havikuyumba hata chembe. Mama alivitazama kwa muda mrefu, akatafuta kasoro, akakosa. Ikabidi avinunue. Fundi alivifunga kwenye gazeti polepole mno, na njia nzima ya kurudi niliyejisifu ni mimi peke yangu.

"Mmeshavipata?" Bibi aliuliza tulipoingia, kwa sauti ya mtu aliyeletewa habari ya msiba.

Jumamosi iliyofuata hatukuwa na pa kwenda. Mama alishona tangu asubuhi, akaufumua mshono mmoja mara mbili. Bibi aliguna tu. Na mimi, niliyekuwa nikililia mapumziko, nilizunguka uani na maswali yangu bila wa kumuuliza. Nyumba ilipooza, na nilijua kwamba nimeharibu kitu, ila sikujua ni nini.

Wiki moja baadaye Mama alivaa gauni lake la kijani, akachukua kinara kimoja, akasema kinayumba. Nikamwambia hakiyumbi. Nikakiweka sakafuni kumthibitishia. Bibi akanibana sikio na kuniambia nivae viatu.

Kule Gisozi Fundi alikisimamisha kwenye ubao, akakisukuma kwa kidole. Kilisimama wima kama askari. Alikitazama, akamtazama Mama, na Mama akatazama pembeni.

"Ni kweli, Mama Zuhura. Iko nayumba," akasema. "Uniachie. Nitakirudisha mwenyewe nyumbani, nije na wazee wangu."

Nilikasirika mno. Watu wazima wawili, mchana kweupe, wanasema uongo juu ya kinara nilichokichagua mimi! Siku wazee walipokuja kuposa, kinara kikiwa kimefungwa kwenye kitambaa kipya, niliwaeleza wageni wote kwamba hakikuwahi kuyumba. Walicheka hadi chai ikapoa.

Nilipokua nilidhani nimeelewa yote. Mjane hawezi kukaa kwenye kibanda cha mwanamume peke yake, majirani watasema, ndiyo maana nilikokotwa kila Jumamosi. Juzi, baada ya lile duka, nilipita kwa Mama nikamtania hivyo, kwamba mimi nilikuwa pazia lake. Aliisimamisha cherehani.

"Vinara ningevichagua siku ya kwanza, Zuhura," akasema. "Nilikuwa naangalia kama atakuweza wewe."

Akaendelea kushona. Mimi nilibaki nimekaa pale, machozi yakinilengalenga, mtu mzima mwenye nyumba yake. Miaka yote hiyo nilijua kwamba namsindikiza Mama kuchagua vinara. Kumbe nilikuwa nachaguliwa baba.