Nilivyokwama Kwenye Elfu Moja na Mia Nne

Nilijifunza chesi nikiwa na miaka arobaini na saba, kutoka kwa binti yangu aliyeupata mchezo huo shuleni. Alikuwa akinifunga kila jioni hadi nikaazimia kwamba lazima nilipize. Kabla sijalipiza alimaliza masomo, akapata kazi ya uuguzi ng'ambo, akaniachia ubao wa plastiki na programu kwenye simu. Mume wa kukaa naye sikuwahi kupata, na sitaki kulia hapa. Nasema tu kwamba nikifunga duka langu la dawa za mifugo pale Naro Moru, ninaingia jikoni, ninapasha chakula cha mtu mmoja na kucheza na watu nisiowajua.

Programu ile humpa kila mchezaji alama. Ukishinda zinapanda, ukishindwa zinashuka. Mwaka wa kwanza zangu zilipanda vizuri, zikafika elfu moja na mia nne, zikagoma. Miaka mitatu zimegoma! Nimefumbua mafumbo mpaka macho yakauma. Nimekariri namna za kufungua mchezo kama mtoto anayejiandaa kwa kipaimara. Nikigusa elfu moja mia nne na kumi, hutokea mtu wa nchi fulani, bendera tu na jina la kubuni, akanitwanga na kutoweka bila kuaga. Huko kutoaga kuliniudhi kuliko kushindwa kwenyewe. Mimi nilikuwa nikiaga kwa sauti, peke yangu jikoni, halafu ninaosha sahani.

Mtu pekee niliyecheza naye uso kwa uso alikuwa fundi wa nguo mjini Nyeri, mzee Mwislamu mwenye duka linalotazamana na la muuzaji wa jumla ninakochukua dawa. Siku moja, nikisubiri mzigo wangu upakiwe, niliona ubao kwenye meza yake ya kukatia vitambaa. Nilisimama kuutazama, naye akanisukumia kigoda. Tangu siku hiyo tulicheza kila Alhamisi kwa miaka miwili, na kila Alhamisi alinifunga. Lakini aliniuliza kama mvua imefika kwetu na kama binti amepiga simu, na nilipocheza vibaya alisonya kwa huruma. Nilianza kununua dawa kidogo kidogo, chupa chache za dawa ya kupe na mifuko miwili ya chumvi ya ng'ombe, ili ziishe upesi na niwe na sababu ya kurudi. Muuzaji wa jumla alidhani biashara yangu inakufa.

Saa ya alasiri ikifika katikati ya mchezo, mzee alikuwa akivaa kofia yake na kuelekea msikitini. Ubao aliuacha wazi mbele yangu.

"Ubao ni amana, mama," alikuwa akisema. "Fikiria taratibu. Nikirudi nikute umecheza."

Alhamisi moja ya mwezi wa Julai, baridi ikiwa imeuma mji mzima, aliniacha nikiwa na hali nzuri. Hali nzuri hunitia kiwewe, na nadhani huo ndio ugonjwa wangu hasa: nikiona nakaribia kushinda ninaharakisha kama ninayefukuzwa. Safari hii sikutaka kuiharibu. Nilitoa simu kwenye mkoba, nikazipanga kete zote kwenye kioo jinsi zilivyokuwa ubaoni, nikaiuliza programu. Ikaniambia nimrudishe farasi wangu nyuma, hadi kwenye kona. Peke yangu nisingeiona hatua hiyo hata ningekaa hapo hadi Krismasi. Nilikariri hatua tano zilizofuata, nikaficha simu, nikamsogeza farasi.

Mzee alirudi, akatazama, akavua kofia, akakaa. Nilizicheza zile hatua tano nilizokariri. Tulipomaliza alimlaza mfalme wake kwa kidole kimoja, akaweka mkono kifuani, akainama mbele yangu.

"Tangu ndugu yangu afariki," alisema, "sijachezewa hivi."

Akamwita jirani yake muuza nyuzi aje aone. Akafungua daftari lake la vipimo vya wateja, na chini ya kiuno na mabega ya mtu fulani akauandika mchezo wetu wote, hatua kwa hatua. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nilinyamaza kwa sababu furaha yake ilinipendeza, na kwa sababu nilitaka, angalau siku moja, kuwa yule mtu aliyekuwa akimwangalia.

Alhamisi iliyofuata alinifunga kabla chai haijapoa. Na iliyofuata tena. Wala sikuwa nimebadilika, ni mimi yule yule wa siku zote. Ila sasa hakusonya. Alikunja uso.

"Mama, unanionea huruma?"

"Hapana mzee. Mimi ndio mbaya hivi."

"Aliyeiona ile hatua ya farasi hawezi kumwacha malkia wake kizembe hivi. Unaniachia kwa sababu nimezeeka." Alianza kurudisha kete kwenye sanduku moja moja. "Mimi sitaki sadaka ya mchezo."

Wiki iliyofuata ubao haukuwepo mezani. Alinipa kigoda na kuniuliza habari za mvua, kisha akaendelea kushona sare za shule, mgongo akiwa amenigeuzia kidogo. Wiki iliyofuata hivyo hivyo. Nilikaa pale nikisikiliza cherehani kwa saa nzima kama mteja aliyesahaulika. Jioni nilirudi Naro Moru na katoni zangu, nikafungua programu, nikaifunga. Kuna upweke niliokuwa nimeuzoea, wa kutokuwa na mtu. Huu ulikuwa mwingine, wa kuwa naye na kuharibu mambo mwenyewe, na sikujua pa kuuweka.

Nilikuwa na njia mbili. Nikinyamaza, mzee angebaki akiamini kwamba namdharau, na Alhamisi zangu zimekwisha. Nikisema, ningemnyang'anya mchezo aliouandika kwenye daftari lake kwa mkono wake, na pengine zingekwisha vile vile. Nilizunguka na jambo hilo wiki nzima, hata nikampa dawa ya minyoo mteja aliyekuja kununua ya kuhara kwa ndama. Alhamisi niliingia dukani kwa fundi na kusema kabla sijaketi.

"Mzee, ile siku ulienda kuswali, niliuliza simu. Ile mchezo haikuwa yangu. Mimi niko na akili ya elfu moja mia nne, na imekataa kupanda."

Mguu wake ukasimama kwenye cherehani. Nilijiandaa kufukuzwa. Nadhani nilitaka kufukuzwa, maana mtu hamfukuzi asiyemjali. Alinitazama, kisha akautazama mkoba wangu.

"Na hiyo simu," aliuliza, "inacheza vile kila siku?"

"Kila siku, mzee. Haichoki."

Aliinuka, akautoa ubao chini ya vitambaa, akaupangusa kwa kiwiko cha kanzu.

"Basi iweke hapo. Wewe utanisogezea kete zake."

Sasa ni miezi minane. Kila Alhamisi ninaegemeza simu kwenye kopo la vifungo, ninasoma inachotaka, ninasogeza. Mzee anashindwa kila mara, na sijawahi kumwona akiwa na furaha kama hii. Chai bado ananipa. Ila maswali ya mvua yamepungua, kwa kuwa anawaza. Siku moja niliona hatua mwenyewe, nikaanza kusema, naye akainua kiganja bila kunitazama.

"Ngoja, mama. Tumsikie kwanza."

Alama zangu za jikoni ziko pale pale. Alhamisi iliyopita simu ilimtoa askofu wake bure kabisa, aliwe na askari tu, nami nikamsogeza nikidhani nimesoma vibaya. Mzee aliinamia ubao, akashika kichwa, mara akaanza kucheka kwa raha mpaka muuza nyuzi akachungulia mlangoni.

"Lakini umeona?" aliniuliza, machozi yakimlenga. "Umeona anachofanya?"

Nikasema nimeona.